Zipu Nyuma, Uso Mbele

Mama Redio anasema kiti kilimla mshona viatu.

Anasema hivi: yule mshona viatu wa kona ya pili, aliyepewa kiti kipya cha magurudumu wiki tatu zilizopita, alikikalia asubuhi akiwa mzima, akashona soli za watu hadi jioni, na mkewe alipomwinua ili amlaze, kiti kikabaki na nyama. Ndivyo alivyosema, "kikabaki na nyama." Akakunja ngumi, akaniambia shimo lenyewe lilikuwa linaingia hii na bado linabaki na nafasi. Anasema mke alipiga yowe, watu wakatoka sokoni kuja kutazama. Anasema mshona viatu mwenyewe alikuwa anawashangaa tu, anauliza, "Mbona mnanitazama hivyo? Kwani nimefanya nini?" Kwa sababu hakusikia chochote.

"Kile kiti kina meno," Mama Redio akamaliza. "Na ninyi ndio mnaovitengeneza, mwanangu. Mnavitia nini?"

Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji. Nikacheka, maana jirani yetu hakupewa jina lile bure. Ukimwambia kuku ametaga, akifika nyumba ya tatu yai limeshaanguliwa na kifaranga kinamwita mama. Lakini kicheko changu kiliishia njiani. Kuna neno lilinikwama. Hakusikia chochote. Ngumi na yowe angeweza kuvitunga, lakini hilo asingeweza. Hilo hulijua mtu aliyeishi na mtu wa namna ile.

Mimi ninaishi naye. Dada yangu alianguka kwenye ngazi za ghorofa zisizo na kizuizi, amebeba maji, huu ni mwaka wa nne. Tangu siku hiyo, kuanzia kiunoni kwenda chini, mwili ni wake lakini habari zake hazimfikii. Mwaka jana alikalia sindano yangu ya kushonea tangu asubuhi hadi mchana. Niliiona wakati namvua nguo, imezama hadi kwenye tundu la uzi. Akasema, "Kumbe nimeshonwa, ndiyo maana leo nimetulia." Tukacheka mpaka mbavu zikauma. Halafu nikatoka nyuma ya nyumba nikalia peke yangu.

Asubuhi hiyo ya Mama Redio, dada alikuwa ameshatoka. Tangu apate kiti hakai ndani. Karibu miaka minne alilala kwenye godoro akitazama bati, akahesabu misumari yake yote, mia mbili na kumi na mbili. Sasa ana kibanda cha kutengeneza simu, mtaa wa tatu kutoka kwetu. Saa moja asubuhi yupo njiani, bisibisi ameichomeka kwenye nywele, anasukuma magurudumu kwa mikono yake. Anarudi jua likizama. Siku ya kwanza aliporudi aliniambia, "Mdogo wangu, kuanzia leo unapiga hodi. Mwili huu umeoshwa na watu vya kutosha." Akamwita seremala, akafunga komeo chini ya mlango wa chumba chake, pale mkono wake unapofika. Nilifurahi naye. Nilimpigia hodi kama mgeni, naye akanijibu "Karibu" kwa sauti ya mwenye nyumba.

Kwa hiyo wiki tatu hakuna aliyeuona mgongo wake.

Nikaitua ndoo. Shule niliishia darasa la saba, lakini macho yangu hayakuishia hapo, na siku zile yalikuwa yameona vitu. Yaliona dada amenunua manukato. Yaliona nguo zake za ndani anazianika chumbani, si kwenye kamba ya uani. Yaliona amevaa sweta juzi, jua linachoma. Chakula alikuwa anakisukumasukuma, anasema ameshiba kwa harufu. Niliviona vyote, nikaviunganisha, nikapata jibu. Nilidhani amepata mtu. Hata nilimtania: "Dada, huyo shemeji simu yake haiponi? Kila siku matengenezo?" Akanirushia kitambaa. Nikaona nimepatia.

"Mbona umeduwaa?" Mama Redio akaniuliza.

"Nachelewa kazini, mama."

Karakana yetu ni banda refu la mabati, na mlangoni hakuna kizingiti, ni mteremko wa saruji. Upande mmoja wanachomelea vyuma, upande wa pili ninakaa mimi na cherehani. Kazi yangu ni mito ya kukalia. Watu hudhani mto wa kiti cha magurudumu ni sponji tu ndani ya mfuko. Si hivyo. Mtu asiyesikia hawezi kujisogeza anapoumia, kwa hiyo mto ndio unaosogea badala yake. Sponji yetu inachongwa. Sehemu ya nyuma ina bonde, ili mifupa ya makalio izame isibanwe. Sehemu ya mbele, chini ya mapaja, ina kilima cha sponji ngumu, ili mtu asiteleze. Juu yake tunabandika sponji nyingine nyembamba na laini, yote sawasawa, kisha ninavalisha foronya. Ukitazama kwa macho huoni bonde wala kilima. Ni mpaka ubonyeze.

Zipu ya foronya ilikaa nyuma siku zote. Anayefunga viti anaitwa Kaka Spana, na ana wimbo wake anaoimba akiweka mto: "Zipu nyuma, uso mbele, twende kazi." Hatazami, wala hana haja ya kutazama. Ameweka mito mingi kuliko nywele zangu.

Ila dada alipokuja kupimwa kiti chake, alilalamika. Zipu ikiwa nyuma, alisema, mtu hawezi kuifikia mpaka amwite mwingine. "Ungeiweka mbele, mdogo wangu, ningejifulia mwenyewe foronya yangu." Nikaona ana haki. Nikamwambia Fundi Mkuu, "Fundi, zipu nitaihamishia mbele ili wajifulie wenyewe." Alikuwa amevaa miwani ya kuchomelea, cheche zinaruka. Akasema, "Vizuri, binti." Nikashona kumi. Uzi mweusi ulikuwa umeisha, nikatumia wa bluu. Viti tisa, mito tisa, vikatoka siku moja. Kimoja kilikwenda kwa mshona viatu. Kimoja kwa dada.

Kaka Spana nilikuwa sijamwambia.

Hilo nililijua nikiwa nimesimama mlangoni asubuhi ile, kabla sijagusa kitu. Lilinijia kama maji ya baridi yanayomwagwa kichwani, yakashuka mpaka miguuni. Kulikuwa na kiti kimoja kimebaki, cha kumi, kilichongoja breki. Mto wake ulikuwa na uzi wa bluu. Kaka Spana alikuwa ameshauweka.

Nikasogea. Zipu ilikuwa nyuma.

Nikabonyeza kwa viganja viwili upande wa nyuma, pale mifupa inapokaa. Mikono haikuzama. Ilikutana na kilima.

"Unakikanda kama unga," Kaka Spana akasema nyuma yangu. "Kuna nini?"

"Kaka, huu mto uliuwekaje?"

"Ninavyoweka siku zote. Zipu nyuma, uso..." Hakumaliza. Aliuona uso wangu. Akaja akabonyeza naye, nyuma, kisha mbele, kisha nyuma tena. Mbele mkono wake ulizama mpaka kwenye kifundo. Akaondoa kofia.

"Vingapi?" akauliza.

"Tisa vimeshatoka."

"Mungu wangu."

Fundi Mkuu alikuja anachechemea. Mguu wake wa kulia ni wa plastiki, aliuunda mwenyewe, na huwa unalia kwi, kwi, unajua yuko wapi hata ukiwa umempa mgongo. Nilimweleza yote. Sikumficha zipu, sikumficha uzi wa bluu, sikumkumbusha kwamba alisema "vizuri, binti." Alikumbuka mwenyewe, nikaona taya lake linavyobana. Akabonyeza mto. Akabaki ameuinamia.

"Nani amelalamika?"

"Hakuna, Fundi. Hawawezi kulalamika. Hawasikii. Lakini jirani anasema mshona viatu..."

Hakuningoja. Akachukua daftari la anwani, akampigia mke wa mshona viatu, akaweka spika. Sauti ya mwanamke ilitoka imechoka. Alisema wako hospitali, siku ya tatu sasa. Nikauliza, sauti yangu sikuitambua, "Mama, kidonda ni kikubwa?"

"Juu ni kama kifuniko cha soda tu, binti yangu. Hata nilisema nitampaka dawa. Lakini daktari amekifungua, akasema juu ni kidogo, ndani kimekula mpaka kwenye mfupa. Ngumi inaingia. Jana homa ilimfanya aongee na marehemu baba yake. Wanasema ikifika kwenye damu... Mtuombee."

Maisha yangu yote nimemsikiliza Mama Redio, na siku hiyo moja nilimwomba Mungu awe ameongeza chumvi. Hakuwa ameongeza.

Fundi Mkuu alimpa Kaka Spana daftari. "Piga zote. Waambie wasikalie viti, walale kifudifudi, twaja." Kisha akaniangalia mimi. "Dada yako?"

Nilikuwa nimeshampigia. Simu iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Iliita mpaka ikakata. Dada anafanya kazi na simu, simu yake huwa haiiti mara tatu.

"Fundi, wiki hii alivaa sweta."

Hakuniuliza maana yake. Alichukua ule mto wa kiti cha kumi, akaubonyeza kutafuta bonde, akachora kwa chaki mshale mkubwa juu ya foronya, kuonyesha huku ni nyuma. Akaniwekea kwapani.

"Nisikilize na usilie, kulia kuna muda wake. Mlaze kifudifudi. Ngozi zetu hazionyeshi wekundu, kwa hiyo usitafute wekundu. Tafuta peusi kuliko pengine, penye joto kuliko pengine, pagumu. Ukikuta hivyo, ngozi haijafunguka, tumewahi. Ukikuta tundu, hata liwe dogo kama punje, usipake kitu, usifunike. Nipigie, nakuja na gari."

"Na harufu?"

Mguu wake ukalia kwi. "Nenda, binti."

Nilikimbia na mto kwapani, watu wakadhani nimeuiba. Mmoja akanipigia kelele, "Binti, godoro lake umeliacha wapi?" Kibanda cha dada kilikuwa kimefungwa. Muuza vocha wa jirani yake alisema amefunga saa nne, mikono inatetemeka, bisibisi ilimdondoka mara mbili na hakuiokota. "Nilimwambia nimsukume, akakataa. Unamjua dada yako."

Bisibisi ilikuwa bado pale chini. Niliiokota.

Njia nzima niliongea na Mungu kama mtu anayeomba kupunguziwa bei. Kama ni peusi tu, nitafanya hivi. Kama ni kifuniko cha soda, nitafanya vile. Nilipofika uani, Mama Redio alikuwa amekaa kwenye kizingiti chetu, amekunja mikono, hana neno mdomoni. Hilo lilinitisha kuliko yote.

"Ameingia muda mrefu," akanong'ona. "Amefunga. Nimemwita, anasema ana baridi. Baridi gani hii, saa sita mchana?"

Nikapiga magoti mlangoni kwa dada. Mbao zilikuwa za moto kwa jua.

"Hodi, dada."

"Mbona si kazini?"

"Na wewe mbona si kibandani?"

"Nimefunga. Simu zote za mji zimepona." Sauti ilikuwa ya chini, kama inatoka kwenye mtungi. Nikapumua. Alikuwa anatania.

"Dada, fungua. Nina neno."

"Liseme hapo hapo. Masikio hayajapooza."

Nikasema. Nilisema nikiwa nimeegemeza paji la uso kwenye mlango. Nilimwambia habari za zipu, za Kaka Spana na wimbo wake, za bonde lililokaa mbele na kilima kilichokaa nyuma. Nilimwambia kosa ni langu. Za mshona viatu sikumwambia.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Zipu niliomba mimi."

"Uliomba zipu, dada. Hukuomba kilima."

Akacheka, au alikohoa, sikujua ni kipi. "Kwa hiyo umekuja kukichukua kiti."

"Kiti ni chako. Hakuna wa kukigusa. Nimeleta mto, nauweka sawa, basi. Lakini kwanza nikutazame."

"Ndivyo wanavyoanza. Wanatazama, wanasema apumzishwe wiki, apumzishwe miezi. Halafu kiti anapewa mwingine anayekihitaji." Akapumzika, nikasikia pumzi zake zinavyokimbizana. "Mdogo wangu, bati hili lina misumari mingapi?"

"Mia mbili na kumi na mbili."

"Nimehesabu tena leo. Mmoja umeng'oka."

Alikuwa anatazama juu. Alikuwa amelala chali.

"Dada, umelalia mgongo?"

"Nimelala."

"Geuka. Nakuomba, geuka kifudifudi."

"Nimejaribu. Mikono leo ni ya mtu mwingine."

"Basi fungua komeo. Lipo chini, unalifikia."

"Nitafungua. Ngoja nipumzike kidogo."

Mama Redio alinishika bega. "Tuvunje," akasema. "Mlango ni mbao, mtu ni damu."

Alisema kweli, nami nilijua kuwa ni kweli. Lakini mkono wangu ulikuwa kwenye mbao, usawa wa komeo lile, kitu pekee ndani ya nyumba hii ambacho dada alijichagulia mahali pake. Nikamwambia Mama Redio akamwite seremala aje na patasi, aling'oe taratibu, na nikampa simu ampigie Fundi Mkuu alete gari. Alitoka mbio. Mwanamke yule sijawahi kumwona anakimbia bila kumwambia mtu anakokwenda.

Nikabaki peke yangu. Chini ya mlango kuna upenyo wa vidole viwili. Niliinama. Kwanza yalinijia manukato, mengi, kama chupa nzima imemwagwa. Kisha, chini ya manukato, ikaja harufu ile nyingine.

Nikaketi chini. Nikauweka mto mapajani, mshale wa chaki ukiwa umeshafutika nusu kwa jasho langu. Nikabonyeza kuhakikisha. Bonde lilikuwepo.

"Dada."

"Mmh."

"Bisibisi yako ninayo. Uliidondosha."

"Iweke..." Akatafuta neno. "Iweke kwenye nywele."

"Zangu?"

Hakusema za nani.

"Dada, seremala anakuja. Hatavunja. Kiti chako nitakilinda mwenyewe, nitakifunga kwa mnyororo kwenye mguu wangu. Umenisikia? Huna haja ya kufungua. Huna haja hata ya kuongea. Gonga ukuta tu, mara moja, nijue unanisikia."

Nikaweka sikio kwenye mbao. Bati lilikuwa linalia kwa joto, ta, ta, kila sauti nikadhani ni yeye.

"Mara moja tu, dada. Gonga."